Alama 100 na Fomu Isiyojazika: Tunavyokosea Kuchagua Zana za Kupima Ufikivu wa Tovuti

Tarehe 28 Juni 2025 Sheria ya Ufikivu ya Ulaya ilianza kutumika. Kampuni zinazowauzia wakazi wa Umoja wa Ulaya huduma za benki, tiketi za usafiri, vitabu vya kielektroniki au bidhaa za mtandaoni sasa zinatakiwa kuhakikisha kwamba wateja wenye ulemavu nao wanaweza kuzitumia huduma hizo, hata kama makao ya kampuni yako bara jingine. Kwa upande wa huduma, zilizosamehewa ni biashara ndogo kabisa. Aprili 2024, Marekani nayo ilitoa kanuni inayozitaka serikali za majimbo na za mitaa zifanye vivyo hivyo kwa tovuti na programu zao za simu. Sheria zikija, soko huja nyuma yake. Kila mwenye tovuti sasa anatangaziwa zana ya kupima ufikivu, na swali linalosikika mara nyingi zaidi miongoni mwa wanunuzi ni hili: zana ipi inakamata makosa mengi kuliko nyingine?

Nashikilia kwamba anayeanza na swali hilo atanunua vibaya, hata kama atapata jibu sahihi. Zana ya kupima ufikivu inafaa kuchaguliwa kwa kujua kwanza ni maswali gani haiwezi kuyajibu kabisa, kisha kuamua ni nani atayajibu hayo yaliyobaki. Sehemu kubwa ya maswali hayo haijibiwi na programu yoyote iliyopo sokoni. Yanajibiwa na mtu mwenye kibodi, mtu mwenye kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini), na mtu mwenye ulemavu anayejaribu kukamilisha jambo alilolijia kwenye tovuti. Shirika likitumia fedha zake zote za upimaji kwenye leseni ya programu, limejinyima sehemu ya kipimo ambayo ingeliambia ukweli.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kinachopimwa kwa kawaida ni mwongozo wa WCAG, unaotolewa na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, la 2.0 mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018, na la 2.2 Oktoba 2023. Toleo hilo la mwisho lina vigezo 86 vilivyogawanywa katika viwango vitatu, A, AA na AAA, na sheria nyingi duniani husimama kwenye AA. Baadhi ya vigezo ni hesabu tupu. Maandishi ya kawaida lazima yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1: kijivu chenye namba #767676 juu ya nyeupe kinafaulu, kijivu cha #777777 kinaanguka, na jicho la kawaida haliwezi kuvitofautisha. Hapo kompyuta inamshinda binadamu bila ubishi. Vigezo vingine, hata hivyo, ni vya maana. Picha iwe na maelezo mbadala yanayofanya kazi ileile ya picha. Kiungo kieleweke kinakompeleka mtu. Kosa katika fomu lielezwe kwa maneno. Kompyuta inaweza kuthibitisha kwamba maelezo yapo, lakini haiwezi kuapa kwamba yanasema kweli.

Hapo ndipo mgawanyo wa kazi unapoanza. Zana kama axe, WAVE, Pa11y au Lighthouse huusoma ukurasa ukiwa tayari umefunguka kwenye kivinjari, zikaupitisha kwenye orodha ya kanuni, kisha zikaripoti palipovunjwa kanuni. Zikikuta picha isiyo na maelezo mbadala, zinapiga kelele. Zikikuta picha ya grafu ya mapato yenye maelezo yanayosema “picha”, zinapita kimya, kwa kuwa kanuni imetimizwa: maelezo yapo. Chache hujaribu kuwa werevu zaidi na kushuku maelezo yanayofanana na jina la faili, na hilo ni jambo jema, lakini bado ni kushuku tu. Video nayo ni vivyo hivyo. Programu inaona kwamba faili la maandishi ya video limeambatanishwa. Kama maandishi hayo yametolewa na mashine na yamegeuza jina la dawa kuwa neno jingine, anayelijua ni kiziwi aliyeyategemea, na huenda akalijua akiwa amechelewa.

Mfano mwingine unawahusu moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili. Kila ukurasa wa wavuti hutakiwa kutaja lugha yake ndani ya msimbo, ili kisoma skrini kichague sauti inayofaa. Kiolezo kilichonunuliwa tayari huja kimeandikwa “en”, yaani Kiingereza, mtengenezaji akajaza maudhui ya Kiswahili na asiguse sehemu ile. Zana nyingi zitakagua kama lugha imetajwa, na kama herufi zilizotumika ni halali. Imetajwa, na ni halali: ukurasa umefaulu. Mtu asiyeona anayetumia kisoma skrini cha NVDA, ambacho kina sauti ya Kiswahili kupitia programu ya kutoa sauti ya eSpeak NG, atasikia makala nzima ikisomwa kwa matamshi ya Kiingereza, kila irabu ikipindwa, hadi aache au abadilishe sauti kwa mkono. Ripoti itabaki safi.

Je, ni kiasi gani hasa kinachoponyoka? Takwimu mbili hutajwa sana, na kwa kuzitazama haraka mtu angedhani zinapingana. Mwaka 2017 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza, GDS, ilitengeneza kwa makusudi ukurasa wenye vikwazo zaidi ya 140, ikaupitisha kwenye zana kadhaa za bure na za kulipia. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilikamata takriban asilimia 40 ya vikwazo hivyo; asilimia 29 havikuonwa na zana hata moja. Miaka minne baadaye, Deque, kampuni inayotengeneza axe, ilichapisha uchambuzi wa kaguzi zake ikasema upimaji wa kiotomatiki ulikamata asilimia 57 ya makosa yote. Wauzaji wameishika ile ya 57, wakosoaji wanaishika ya 40, na kila upande unamwona mwenzake anadanganya.

Kwa maoni yangu zote mbili zinaweza kuwa kweli, kwa sababu zinahesabu vitu tofauti. GDS ilipanda vikwazo vya aina nyingi, kila kimoja kikihesabiwa mara moja. Deque ilihesabu matukio ya makosa kama yalivyokutwa kwenye tovuti halisi, ambako utofauti hafifu wa rangi unaweza kujirudia mara 200 kwenye ukurasa mmoja na kuvimbisha hesabu ya kile ambacho mashine inakijua vizuri. Mnunuzi anayetaka kujua “asilimia ngapi” anatakiwa aulize asilimia ya nini. Makosa 200 ya kijivu kilichopauka yanamchosha mwenye uoni hafifu, nami siyadharau hata kidogo. Kosa moja la kitufe cha “Lipa” kisichobonyezeka kwa kibodi linamfungia mtu asiyetumia kipanya nje ya duka zima, na katika jedwali la ripoti linahesabiwa kama moja.

Alama ya jumla inaongeza ukungu juu ya ukungu. Lighthouse, iliyomo ndani ya Chrome na ndiyo ambayo wengi hukutana nayo kwanza, hutoa alama kuanzia 0 hadi 100. Alama hiyo ni wastani wa vipimo vyenye uzito tofauti, na kila kipimo kina majibu mawili tu, kufaulu au kuanguka. Ukurasa wenye vitufe 30, kimoja tu kikiwa hakina jina, unaanguka kipimo hicho sawasawa na ukurasa ambao vitufe vyake vyote 30 havina majina. Timu ikirekebisha 29, alama haisogei. Orodha ya mambo ya kukagua kwa mkono, ambayo Lighthouse yenyewe kwa uaminifu inaiweka chini ya matokeo, haimo katika hesabu. Mwaka 2019 msanidi mmoja wa wavuti alionyesha jambo hili kwa njia isiyosahaulika: alitengeneza ukurasa usiotumika kwa kipanya, kwa kibodi wala kwa kisoma skrini, na bado ukapewa 100. Lighthouse haikuwa imeharibika. Ilijibu kile kilichoulizwa.

Ili jambo hili lisibaki hewani, chukua fomu ya kuomba miadi, ya kawaida kabisa. Kila kisanduku kina lebo. Rangi zinatosha. Kitufe cha kutuma kina jina. Zana inasema makosa sifuri. Sasa zima skrini, washa kisoma skrini, uanze kushuka kwa Tab. Unasikia “Jina kamili, hariri, inahitajika”, unaandika. Unasikia “Tarehe, hariri”, unaandika siku, mwezi na mwaka kama ulivyozoea. Unafika “Tuma, kitufe”, unabonyeza Enter. Kimya. Hakuna ukurasa mpya, hakuna ujumbe. Unabonyeza tena. Kimya. Kilichotokea ni kwamba maandishi mekundu yamejitokeza juu kabisa ya fomu yakisema tarehe ianze na mwaka, ila mtengenezaji hakukiambia kisoma skrini kwamba kuna habari mpya, wala hakumrudisha mtumiaji kwenye kisanduku chenye kosa. Mwenye macho analiona kosa mara moja. Asiyeona ana njia mbili: kuupekua ukurasa wote upya akihisi pana jambo, au kuondoka akiamini ombi lake limepokewa. Wa pili ndiye atakayekosa miadi, na tovuti haitajua kamwe kwamba alipita hapo. Kipimo kilichofanywa ukurasa ulipofunguka hakingeweza kuliona kosa hili, kwa kuwa wakati ule lilikuwa halijazaliwa.

Wapo wanaofika hapa wakahitimisha kwamba zana za kiotomatiki ni hasara tupu: zinawapa wakurugenzi namba ya kujivunia, zinawachosha wasanidi kwa ripoti ndefu, na afadhali ziachwe. Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake. Historia inaiunga mkono kiasi: katikati ya miaka ya 1990 shirika la CAST la Marekani lilitoa Bobby, mojawapo ya zana za kwanza kabisa za aina hii, na tovuti zilizofaulu ziliruhusiwa kubandika nembo yake. Nembo ikawa shabaha. Tangu siku zile tamaa ya kupata beji imekuwa ikiishinda nia ya kumhudumia mtu.

Hata hivyo siwezi kwenda nao hadi mwisho, na kinachonizuia ni takwimu za WebAIM, kituo kilichoko Chuo Kikuu cha Utah State, ambacho kila mwaka hupima kurasa za mbele za tovuti milioni moja kwa zana yake ya WAVE. Mwaka 2019 kurasa asilimia 97.8 zilikuwa na angalau kosa moja linaloonekana kwa mashine. Mwaka 2025 zilikuwa asilimia 94.8, kila moja ikiwa na wastani wa makosa 51. Zaidi ya tisini na tano katika kila makosa mia yaliingia katika aina sita tu: utofauti hafifu wa rangi, picha zisizo na maelezo mbadala, visanduku vya fomu visivyo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na lugha ya ukurasa isiyotajwa. Haya ndiyo hasa yale ambayo zana ya bure inayakamata kwa sekunde chache. Kwa hiyo dunia haijafika mahali pa kulalamika kwamba imezitegemea zana hizi kupita kiasi. Tovuti nyingi hazijawahi kupitishwa hata kwenye moja, au zimepitishwa na ripoti ikafungiwa kabatini. Kuna jambo jingine: tovuti yenye kurasa 40,000 haiwezi kupitiwa na binadamu kila msimbo unapobadilishwa, na kosa lililorekebishwa mwezi uliopita hurudi kimyakimya kiolezo kinaposasishwa. Kazi ya kulinda mlango huo usiku na mchana ni ya mashine.

Umoja wa Ulaya wenyewe uliugawa ukaguzi kwa mantiki hiyo kabla hata ya sheria ya sasa. Agizo lake la mwaka 2016 kuhusu tovuti za sekta ya umma lilifuatwa mwaka 2018 na uamuzi unaoeleza njia mbili za ufuatiliaji: ukaguzi mwepesi, unaoweza kutegemea vipimo vya kiotomatiki na ambao lengo lake ni kugundua palipovunjwa masharti, na ukaguzi wa kina, ambao ndio unaothibitisha kama masharti yote yametimizwa. Ukaguzi mwepesi unaweza kusema “hapa mmeanguka.” Hauna uwezo wa kusema “mmefaulu.” Laiti wanunuzi wa leo wangeusoma uamuzi ule kabla ya kusaini mikataba.

Imebaki hoja ya tatu, iliyo dhaifu kuliko zote na yenye matangazo mengi kuliko zote: kwamba hakuna haja ya kupima wala kurekebisha, bandika mstari mmoja wa msimbo na akili mnemba itaifanya tovuti ifikike yenyewe. Viraka hivi hujitokeza kama kitufe kidogo pembeni mwa ukurasa, kikimwalika mgeni akuze maandishi, abadilishe rangi au awashe “hali ya wasioona”. Ukiitazama kwa makini, hoja inaanguka kwenye hatua yake ya kwanza. Mtu asiyeona hakuja kwenye tovuti mikono mitupu akisubiri apewe kisoma skrini. Anacho tayari, amekizoea kwa miaka, amekiwekea kasi na sauti anayoitaka, na anakitumia kwenye kompyuta nzima. Anachohitaji ni ukurasa unaosomeka. Kiraka kinaongeza safu nyingine juu ya ukurasa usiosomeka, kikikisia majina ya vitufe na maana ya picha, na mara nyingine kikigombana na zana aliyokuja nayo mtumiaji. Kile kitufe cha “Tuma” cha kwenye fomu yetu kingebaki kimya vilevile, kwa sababu kiraka hakijui kwamba maandishi mekundu yaliyozuka juu ni jibu la kile alichobonyeza mtumiaji.

Wataalamu wa ufikivu kwa mamia wameshasaini tamko la wazi kuzipinga bidhaa hizi. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1, baada ya tume hiyo kuituhumu kudai kwa uongo kwamba bidhaa yake inayotumia akili mnemba inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize mwongozo wa WCAG. Baada ya hapo, anayenunua kiraka kwa imani kwamba kitamkinga na sheria hana pa kujificha.

Akili mnemba ina kazi yake, na nisingependa kuitupa yote kwa sababu ya viraka. Inaweza kushuku maelezo ya picha yasiyolingana na picha. Inaweza kukusanya makosa 3,000 yaliyotokana na kiolezo kimoja na kuyafanya kazi moja ya kurekebisha. Inaweza kumwandikia mhariri rasimu ya maelezo mbadala. Isichoweza kujua ni kwa nini picha ile iliwekwa pale: picha ya mwanamke aliyesimama mbele ya jengo huhitaji maelezo ya aina moja katika habari kuhusu mwanamke huyo, na aina nyingine kabisa katika makala kuhusu usanifu wa majengo. Aliyeiweka ndiye anayejua.

Sasa, kuchagua kwenyewe. Ningeanza na injini ya kanuni iliyo huria na inayotumiwa na wengi. axe-core, injini ya axe, ni huria tangu mwaka 2015, na ndiyo iliyomo ndani ya Lighthouse na zana nyingine kadhaa, hivyo shirika linalonunua bidhaa mbili tofauti linaweza kuwa linalipia mara mbili kanuni zilezile. Liulize hilo kabla ya kulipa. Kisha ningetazama kengele za uongo kuliko wingi wa makosa. Zana inayoripoti mambo 400, ambayo 150 kati yake si makosa, itawafundisha wasanidi kupuuza ripoti, na wakishazoea kupuuza hakuna zana nyingine itakayowarudisha. W3C imeweka utaratibu wa kuandika kanuni za upimaji, uitwao ACT, ili zana tofauti zitoe jibu moja kwa kosa moja. Muuzaji asiyeweza kueleza kanuni zake zimetoka wapi na zinalingana vipi na utaratibu huo ana deni la maelezo. Jambo jingine, ambalo naliona likisahaulika kuliko yote, ni kama zana inaweza kuingia ndani: nyuma ya nywila, kwenye hatua ya tatu ya malipo, baada ya menyu kufunguliwa, baada ya fomu kukosewa. Ukurasa wa mbele ndio unaopendezeshwa kuliko mwingine wowote. Watu hukwama huko ndani.

Zana za mkono ni rahisi kuzipata na ngumu kuzipangia muda. Kibodi ipo tayari. Weka kipanya kando, pita kwa Tab, Shift na Tab, Enter, nafasi na Esc, ukitazama mambo matatu: je, unaona wakati wote ulipo, je, unaweza kufika kila mahali, na je, unaweza kutoka ulikoingia? Kuza ukurasa hadi asilimia 400 uone kama maandishi yanajipanga upya au yanatoka nje ya skrini. Kwa kisoma skrini, NVDA ni ya bure na huria, JAWS inalipiwa, VoiceOver imo ndani ya vifaa vya Apple, na TalkBack imo kwenye simu za Android. Utafiti wa WebAIM uliochapishwa mapema mwaka 2024 ulionyesha JAWS na NVDA zikikaribiana sana kama visoma skrini vikuu vya waliojibu, na zaidi ya 9 kati ya 10 wakisema wanatumia kisoma skrini kwenye simu pia. Anayepima kwa NVDA kwenye kompyuta peke yake, basi, ameruka nusu ya safari. Utafiti huohuo ulionyesha asilimia 71.6 hutafuta habari kwenye ukurasa mrefu kwa kuruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, jambo linalompa mpimaji pa kuanzia: sikiliza vichwa peke yake, ujiulize kama vinasimulia ukurasa.

Lakini msanidi mwenye macho aliyejifunza NVDA juma lililopita hasikii anachosikia mtu aliyeitumia kwa miaka kumi. Atakwama pasipo na tatizo, na atapita palipo na tatizo kwa kuwa macho yake yamemdokezea jibu. Asiyekuwapo na lake halipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya sita, wana ulemavu mkubwa, na ni vigumu kukubali kwamba miongoni mwao hapapatikani watu watano wa kulipwa kuijaribu tovuti kabla haijafunguliwa. Nasema kulipwa, na nasema kabla. Kuwaomba wajitolee kupima kitu kilichokwisha kuzinduliwa ni kuwapa kazi ya kulalamika bure. Tena wasiwe wasioona peke yao, kama inavyozoeleka. Mtu anayeendesha kompyuta kwa sauti husema “bofya Tafuta” na asipate kitu, kwa sababu kitufe kilichoandikwa Tafuta kina jina jingine lililofichwa kwenye msimbo. Mtu mwenye mtetemeko wa mikono anaijua tofauti kati ya kitufe cha pikseli 24 na cha pikseli 12 kuliko mkaguzi yeyote. Mtu mwenye ugumu wa kukumbuka anajua fomu ipi inamuuliza jambo lilelile mara mbili.

Haya yana athari kwa wanaoandika zabuni. Mkataba unaosema “tovuti ipate alama 95 na zaidi” unamwelekeza mtengenezaji afanye kile kile alichofanya yule msanidi wa mwaka 2019, safari hii kwa malipo. Mkataba ungeweza kutaja shughuli badala ya alama: mteja aweze kufungua akaunti, kutafuta bidhaa, kulipa, kubatilisha, kulalamika, kila moja kwa kibodi peke yake na kwa visoma skrini vilivyotajwa kwa jina, kwenye kompyuta na kwenye simu. Ripoti ya ukaguzi ieleze ni kurasa zipi zilipimwa, katika hali ipi, na vigezo vipi havikupimwa kabisa. Safu hiyo ya mwisho huwa haipo kwenye ripoti nyingi zinazotolewa na mashine, ilhali ndiyo inayomwonyesha msimamizi pa kuwapeleka watu. Bajeti nayo igawanywe kufuata kazi: leseni ni sehemu ndogo, na nyingi ya kazi yake inaweza kufanywa na programu huria, muda wa wapimaji na muda wa kurekebisha ndio mzigo.

Kuna sharti moja la zabuni ambalo ningeliweka mapema kabisa, kabla hata bei haijajadiliwa: dashibodi ya zana yenyewe ifunguliwe na mtu asiyeona, atumie kisoma skrini chake, achuje makosa, afungue moja, amkabidhi msanidi, apakue ripoti. Zipo zana zinazoonyesha makosa kwa rangi tu, kwa grafu zisizo na maelezo, au kwa vialama vilivyotawanywa juu ya picha ya ukurasa. Zana ya namna hiyo inamruhusu mtu mwenye ulemavu kuwa mfano wa mtumiaji na kumzuia asiajiriwe kuwa mkaguzi, msimamizi wa ukaguzi, au mkuu wa idara inayoinunua. Muuzaji akishindwa jaribio hilo kwenye kikao cha kwanza, mnunuzi ameshapata matokeo ya kipimo chake cha kwanza, na anaweza kumwita anayefuata.